Usiulize tu kama pikipiki ni ya India ao ya China, uliza nani alikaza buloni zake hapa mjini

Katika parkingi za pikipiki za Butembo, Beni, Oicha na Kasindi kuna mabishano yasiyoisha. Motari mmoja anasema pikipiki ya India ndiyo ya kweli, zingine zote ni vyuma vya kutupa. Mwenzake anajibu kwamba ya China imelisha watoto wake miaka minne na bado inapanda mlima. Wa tatu, dereva wa gari wa zamani, anawacheka wote wawili: kwake yeye kitu kisichotoka Japan si kitu.

Mabishano haya si ya kupitisha muda tu. Hapa kwetu pikipiki ndiyo ambulansi, ndiyo lori ya mkulima, ndiyo basi ya mwanafunzi. Mama mjamzito wa kijijini anafika maternite juu ya pikipiki. Familia zilizokimbia Kanyabayonga, Kirumba na Kayna katikati ya mwaka 2024, nyingi zilifika Lubero na Butembo kwa miguu ao kwa pikipiki, magodoro na sufuria zikiwa zimefungwa nyuma. Tena, kwa kijana aliyeacha shamba lake vitani, pikipiki ni kazi ya kwanza anayoweza kupata mjini. Familia inakusanya akiba yote, inauza mbuzi, inakopa kwa ndugu, inanunua moja. Ikiharibika nyuma ya miezi mitatu, familia hiyo inakimbia mara ya pili, safari hii inakimbia deni.

Kwa hiyo swali la nchi linastahili jibu la kweli. Maoni yangu ni haya: nchi ambamo chombo kiliunganishwa inaeleza kidogo sana kuhusu uimara wake. Kuna maswali mawili makubwa kuliko hilo. La kwanza: kiwanda kilikusudia kumuuzia nani chombo hiki, na kwa kazi gani? La pili, ambalo hatuliulizi kabisa: nani alimaliza kukiunganisha hapa kwetu?

Tuanze na magari, sababu ndiyo yenye jina kubwa. Toyota Hilux kila mtu hapa anaiita gari ya Japan. Lakini toka mwaka 2004 Hilux za sehemu kubwa ya dunia zinaundwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Na Wajapani wenyewe? Hilux iliporudishwa kuuzwa Japan mwaka 2017, ilitoka Thailand kwa meli. Mjapani anayetaka Hilux ananunua ile ya Thailand, na halalamiki.

Tuangalie sasa Land Cruiser zile ngumu ambazo mashirika ya msaada yanatumia, ambazo kila mkimbizi wa ndani anazijua kwa mlio. Muundo huo ulianza mwaka 1984. Kiwanda chake kikubwa kiko Japan, ni kweli. Lakini pikapu za aina hiyo zinaunganishwa pia Mombasa, na toka mwaka 2015 zinaunganishwa Ovar, Ureno, kwa ajili ya soko la Afrika Kusini. Zinavumilia barabara mbaya sababu chasi yake ni nzito, springi za nyuma ni za majani ya chuma sawa na za lori, na moteri yake ya dizeli ya zamani ni rahisi: fundi anaifungua bila kompyuta. Tena kuna siri nyingine ambayo hatutaki kuiona. Gari za mashirika zinaingia garaji kwa ratiba. Mafuta ya moteri yanabadilishwa kwa kilometa, hayangojei gari igome njiani. Mpe mtu gari ileile, aendeshe miaka miwili bila kufungua kofia ya moteri, kisha urudi uniambie habari za Japan.

Kuna mfano mwingine unaotoka mbali, lakini unajibu swali letu kuliko yote. Huko Fremont, California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda kilichojulikana kwa ubaya. Wafanyakazi walikosa kazini ovyo, wengine walikunywa pombe kazini, na magari yalitoka na kasoro. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Mamia yao walipelekwa Japan kuona namna ya kufanya kazi. Waliporudi, kila mfanyakazi alikuwa na kamba karibu yake: akiona kosa anaivuta, msaada unakuja, na kosa lisipotengenezwa mara moja mstari wote unasimama. Mbele ya hapo, kusimamisha mstari ilikuwa kosa kubwa; gari ilipita na kasoro yake, itengenezwe mwisho ao isitengenezwe. Muda si mrefu magari ya Fremont yakakaribia ubora wa yale ya Japan. Nchi ileile, jengo lilelile, mikono ileile. Kilichobadilika ni ruhusa ya kusema: hapa kuna kosa, tusimame kwanza.

Ni hivyo hata kwa pikipiki zetu. Tunasema India na China kana kwamba ni ukoo mmoja mmoja. Bajaj ya India ilifanya kazi na Kawasaki ya Japan kwa miaka mingi, na Boxer ilizaliwa katika urafiki huo. TVS ilikuwa na ubia na Suzuki mpaka mwaka 2001. Huko China, Haojue imeshirikiana na Suzuki hiyohiyo kwa muda mrefu. Lakini katika China hiyohiyo kuna karakana zinazonunua moteri huku, chasi kule, zinabandika jina linalofanana na jina kubwa, kisha zinauza kwa bei ya chini. Ukisema tu ya China, umeweka mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho katika sentensi moja.

Je, inamaanisha nchi haina maana kabisa? Hapana. Ina maana pale kampuni inapoamua kwamba watu wa nchi fulani watapewa kilicho pungufu. Mwezi wa 10 mwaka 2018, shirika la Global NCAP pamoja na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini waligonganisha pikapu mbili za Nissan. Moja ilikuwa Hardbody mpya, ya kuuzwa Afrika. Ingine ilikuwa Navara ya mwaka 2015, iliyokwisha kutumika Ulaya. Matokeo yalionyesha kwamba dereva wa ile mpya ya Afrika angeweza kufa, na yule wa ile ya Ulaya iliyotumika angeweza kushuka na kutembea. Mbele yake, Hardbody ilikuwa imejaribiwa peke yake na kupata nyota 0.

Wengine watasema: unaona, ya Afrika ni mbaya! Mimi nasoma tofauti. Wafanyakazi wa Afrika Kusini waliunda kile walichopewa kwenye karatasi. Muundo ule ulikuwa wa zamani, na sheria za Afrika hazikulazimisha ulinzi ambao Ulaya ilidai. Shida ilikuwa katika ofisi inayoamua Mwafrika anastahili nini, na katika serikali zinazokubali.

Sasa turudi nyumbani, sababu hapa ndipo penye sehemu inayotuhusu sisi wenyewe.

Wengi wetu tunafikiri pikipiki mpya inatoka kiwandani ikiwa nzima, inapanda meli, inapita Mombasa na Kampala, inavuka Kasindi, inafika dukani. Sivyo. Pikipiki nyingi zinasafiri ndani ya kasha, zimepunguzwa ili zisichukue nafasi. Gurudumu la mbele limetolewa. Usukani umefunguliwa na kulazwa. Vioo, taa za pembeni na batri vimefungwa mbali. Mtu anayemaliza kuiunganisha ni kijana wa hapa, nyuma ya duka ao chini ya hangari, akiwa na funguo chache na nyundo. Kenya, Uganda na Rwanda kuna viwanda vya kuunganisha pikipiki, vyenye meza, mashine na mtu wa kukagua. Kwetu mara nyingi kiwanda ni uwanja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiulizwa pikipiki yako iliunganishwa nchi gani, jibu la haki ni: ilianzia India ao China, ikaishia Kongo. Sehemu iliyoishia Kongo ndiyo inayoshika roho yako. Ekseli ya gurudumu la mbele, usukani na kamba ya freni ya mbele vyote vilikazwa hapa. Kimoja kikilegea katika mteremko, hautapata muda wa kusoma jina lililoandikwa kwenye tangi.

Sisemi vijana wetu hawajui kazi. Wengi wanajua sana, na wamejifunza bila shule. Lakini ona hali wanamofanyia kazi. Kama kijana analipwa kwa kila pikipiki anayomaliza, atakimbilia hesabu. Kama hana ufunguo unaopima nguvu ya kukaza, atakaza kwa mkono: leo amekula vizuri anakaza mno mpaka uzi wa buloni unakatika, kesho ana njaa anakaza kidogo. Batri inayokuja kavu inapaswa kutiwa asidi kisha kuchajiwa saa kadhaa mbele ya kuwashwa. Mteja amesimama na pesa mkononi, nani atangoja? Anapewa vilevile, na nyuma ya wiki chache anasema batri za nchi fulani hazifai. Mnyororo unakazwa mno, unakula meno yake. Spoki za gurudumu zinalegea katika kilometa za kwanza, hiyo ni kawaida ya gurudumu jipya, lakini hakuna aliyemwambia mteja arudi zikazwe. Zinaanza kuvunjika moja moja, na lawama inavuka bahari.

Hapo ndipo tunamkosa mwenye kosa. Lawama ikienda India ao China, hakuna anayejibu, na duka linaendelea kuuza. Jina la nchi limekuwa blanketi ya kufunika kazi mbaya ya hapahapa.

Waswahili wanasema, usione vyaelea, vimeundwa. Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tunapaswa kuelewa methali hii kuliko wengine, sababu tuna chukudu. Chukudu inaundwa kwetu, kwa mbao, na inashuka na magunia ya viazi ambayo pikipiki ingeyakataa. Je, umewahi kusikia mtu anauliza chukudu hii ni ya nchi gani? Hapana. Anauliza: nani aliichonga? Ni mti gani? Mti ulikauka vizuri mbele ya kukatwa? Kila kijiji kinajua fundi ambaye chukudu zake hazipasuki, na kinajua yule ambaye zake zinapasuka. Fundi huyo anakutana na mteja wake sokoni kila wiki, kwa hiyo analinda jina lake. Nataka tuulize vivyo hivyo kuhusu pikipiki.

Kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema: wewe wa redio, sisi tumeona kwa macho, pikipiki za aina fulani zinakufa mbele ya zingine. Sikatai. Chuma chepesi kipo, na moteri za kuiga zipo. Lakini zilinganishwe kwa haki. Pikipiki ya bei ya juu kwa kawaida inanunuliwa na mtu mwenye pesa ya kuitunza, ambaye anabadilisha mafuta kwa wakati. Ya bei ya chini inanunuliwa na asiye na pesa, inabebeshwa watu wanne na gunia juu wakati ilitengenezwa kwa watu wawili, inanyweshwa mafuta ya kadhafi yaliyochanganywa, na ikiharibika inatiwa piesi ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Nyuma ya mwaka mmoja tunasema: mnaona, nchi ile haifai. Tumepima maisha ya watu wawili, tukafikiri tumepima viwanda viwili.

Na piesi ni habari nyingine kubwa. Pikipiki nzuri kabisa inaweza kugeuka mbaya kwa piesi moja ya uongo. Vipande vya freni vilivyo katika boksi lenye jina la kampuni kubwa, lakini vilivyotengenezwa na wezi wa jina, vinaisha haraka na kuteleza wakati wa mvua. Kama umebadilisha freni, mnyororo na beringi kwa piesi za namna hiyo, pikipiki yako haina nchi tena.

Wa pili atasema: maskini hana la kuchagua, anachukua kinachopatikana. Huyu namsikiliza kwa heshima, sababu kwa familia zilizokimbia vita ni kweli. Lakini maswali ninayopendekeza hayaongezi hata franka moja kwenye bei. Yanaomba tu nusu saa na ujasiri.

Mbele ya kulipa, soma namba ya chasi. Kwa pikipiki inapigwa kwenye shingo ya chasi, karibu na usukani, na ina alama 17. Alama za kwanza zinaonyesha kiwanda: za Bajaj ya India zinaanza na MD2, za TVS ya India zinaanza na MD6, na za China zinaanza na L. Gari la Japan lenye namba ya aina hii linaanza na J. Ukiambiwa hii ni ya India na namba inaanza na L, muuzaji amekudanganya jambo la kwanza, na ya pili yatafuata. Angalia kama namba hiyo inafanana na ile ya kwenye makaratasi ya duwane. Lakini kumbuka kwamba namba hiyo haimtaji mtu aliyefungua kasha hapa mjini.

Kwa hiyo endelea. Inua sehemu ya mbele, shika gurudumu, litikise kushoto na kulia. Lisicheze. Lizungushe, angalia kama linakwenda sawa ao linayumba. Geuza usukani pande zote mbili, usikwame, wala kamba isivutwe. Pima freni ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Gonga spoki kwa kijiti: zilizokazwa zinalia, iliyolegea inanyamaza. Uliza kama moteri imetiwa mafuta, na ni aina gani. Uliza batri ilichajiwa saa ngapi. Kisha uliza jina la fundi aliyeiunganisha, na umwombe muuzaji aliandike kwenye fakitire pamoja na tarehe. Muuzaji anayejiamini ataandika. Anayekataa, amekujibu tayari.

Na nyuma ya kununua, ile safari ya kwanza ya kukaza upya na kubadilisha mafuta, katika kilometa za kwanza kadiri ya kitabu cha pikipiki, usiiruke. Kijana aliyepewa pikipiki ya kulipia kila siku anaogopa kupoteza nusu siku garaji. Mwenye pikipiki amwachie nusu siku hiyo bila kudai malipo. Ni hasara ndogo kuliko jeneza.

Kwa wenye maduka: mnapata faida, sawa, na mnastahili, sababu barabara ya mizigo katika jimbo hili ina hatari yake. Lakini nunueni ule ufunguo wa kupima kukaza. Lipeni fundi kwa siku, ama muongeze mtu wa pili wa kukagua kazi ya wa kwanza. Mpeni kijana ruhusa ile ya Fremont: akiona kosa, asimamishe kazi bila kuogopa kufukuzwa.

Kwa vyama vya wamotari: mnajua kukusanya michango na kutetea mwenzenu akikamatwa. Anzisheni basi daftari katika kila parkingi: pikipiki gani, duka gani, iliharibika nini, nyuma ya muda gani. Katika mwaka mmoja mtakuwa na ukweli ambao hakuna tangazo linaloweza kuupinga.

Kwa serikali: OCC ipo kwa kukagua bidhaa zinazoingia, na ada inalipwa mpakani. Ukaguzi usiishie kwenye makaratasi ya kasha lililofungwa. Chombo cha kweli kinazaliwa kasha likishafunguliwa. Afisa mmoja apite katika hangari ambamo pikipiki zinaunganishwa, atazame na kuuliza. Hapo mwananchi ataona ada hiyo inafanya kazi gani.

Barabara ya Kasindi mpaka Beni, kilometa 80, na ya Beni mpaka Butembo, kilometa 54, ziko katika mradi wa kutengenezwa pamoja na Uganda. Barabara nzuri ni baraka, lakini inaleta mwendo wa kasi. Ekseli iliyolegea ilisamehewa katika matope, sababu tulikuwa tunatembea polepole. Kwenye lami haitasamehe.

Vijana wa parkingi wataendelea kubishana kuhusu India, China na Japan, na waendelee, kicheko ni dawa. Lakini siku mama ataleta pesa za mbuzi wake wa mwisho ili amnunulie kijana wake pikipiki, mmoja wenu asimame, aende naye dukani, ainue gurudumu la mbele na kulitikisa mbele ya muuzaji.